Nyundo ya Rungwe Yarekodi Nyololo

Jumanne, 9 Septemba 2025. Mbeya.

Ushindi! Nyundo ya Rungwe, bendi pekee ya metali nzito ninayoijua katika Nyanda za Juu Kusini, imeungana tena. Ambokile, mwimbaji, yuko hapa Mbeya. Kasian, mpiga gitaa, yuko Iringa. Walikuwa hawasemezani tangu chuo. Nimewapatanisha mimi. Shahada yangu ya falsafa, ambayo baba huuliza inaliwa kwa mboga gani, hatimaye imefanya kazi.

Watapiga mara moja tu, nami nitarekodi albamu ya jukwaani. Kasian ameapa kwamba ikiharibika anaacha muziki na kuliuza gitaa. Ambokile amesema atalinunua yeye, alifanye kuni. Dalili njema. Wanazungumza.

Tatizo dogo: Ambokile hakanyagi Iringa, Kasian hakanyagi Mbeya. Nimeamuru wakutane Nyololo, katikati. Ambokile amelalamika kwamba Nyololo ni karibu zaidi na Iringa. Nimemjibu kwamba ni katikati kimantiki. Akakata simu.

Alhamisi, 11 Septemba.

Albamu ya jukwaani bila umati ni mazoezi tu. Lakini nani Nyololo atatoka nyumbani kwa ajili ya metali? Nimetafakari. Nimepata! Jumamosi ukumbi wa Nyololo una sendofu ya binti aitwaye Helena. Umati uliokwisha kualikwa, uliokwisha kulishwa, na furaha imo ndani yake tayari!

Nimempigia mama yake. Kanipokea kwa salamu ya "kamwene" ya upole mno. Nimemweleza kwamba muziki wetu ni mzito, unaolingana na uzito wa kumuaga binti. Si uongo. Akauliza kama unaserebukika. Nimesema watu hushindwa kukaa. Si uongo vilevile. Akasema haya mwanangu, njooni, ila nizungumze na MC.

Ijumaa, 12 Septemba.

Nimezungumza na MC, jina lake Andendekisye. Mtu wa kujiona! Nimemfafanulia kwamba wakati wa kurekodi sauti yake haitahitajika. Akacheka kwa muda mrefu. Akasema kaka, kwenye shughuli yangu hata bibi harusi husimama nikisema simama. Kisha akauliza tuna nyimbo ngapi. Nane. Akafurahi, maana makundi ya zawadi nayo ni manane. Sikuona uhusiano. Nimechukulia kuwa amekubali yaishe.

Jumamosi, 13 Septemba. Nyololo.

Ole wangu.

Ambokile alifungua kwa mngurumo wake mashuhuri. Nywele zilinisimama. Hapohapo MC, kwenye kipaza sauti: "Mashangazi, wimbo wenu huo, leteni mzigo!"

Wakaingia mlangoni kwa mstari. Hatua mbili mbele, moja nyuma. Masufuria, mablanketi, godoro juu ya vichwa vinne. Ngoma za Prisca, mpiga ngoma wetu, zilikwenda kama mvua ya mawe, wao walikwenda kama maharusi. Na desturi ni desturi: muziki haukatwi mpaka zawadi ya mwisho imfikie binti. Mstari ulianzia barabarani! Kasian alimaliza manjonjo yote aliyonayo, akayaanza upya. Shangazi mmoja alimfuta Ambokile jasho kwa kitenge, akambandika noti kwenye paji la uso, akamwambia pole mwanangu, kifua hicho kinataka tangawizi.

Nilikimbia kumnyang'anya MC kipaza sauti. Akatangaza kwamba kijana wa suti nyeusi amezidiwa na furaha, apishwe acheze. Nilitwishwa beseni la vyombo. Nikacheza. Mpaka kwa binti.

Nyimbo zilizopigwa: mbili, kwa makundi yote manane.

Jumapili, 14 Septemba. Mbeya.

Nimesikiliza kila kitu kwa Rahul, fundi wetu wa sauti. Kila Ambokile anapofika kileleni, MC yuko naye. Katikati ya gitaa tamu kuliko yote: "Mama mdogo, godoro linaburuzika!" Nimemwagiza Rahul amwondoe MC. Akimwondoa, bendi nayo inaondoka. Gitaa la Kasian linauzwa, basi, kwa sababu yangu. Sijapokea simu zake. Ninatayarisha utetezi wa kifalsafa.

Jumatano, 17 Septemba.

Kasian yuko Mbeya! Amekanyaga! Amefika kwa Ambokile, wanakula pamoja na kucheka. Rahul alimtumia MC rekodi, MC akawatumia mashangazi, na sasa wilaya nzima ya Mufindi inaisikiliza. Wameitwa kwenye sendofu ya Igowole na arusi mbili za Mafinga. Albamu inatoka kama ilivyo, na MC ndani yake. Meneja mpya: MC. Nilipouliza nafasi yangu, Ambokile akasema msomi, lile beseni ulilibeba vizuri.

Nimekataa kwa heshima zote. Watajuta.

Kosa nimelitambua, nalo halikuwa langu: lilikuwa kwa mashangazi. Nimekwisha kupata vijana wawili wa Uyole wenye magitaa na hasira. Nkuba, niliyesoma naye, ambaye kwao ni wafugaji wa Usangu, amethibitisha kwamba siku ya mnada wa ng'ombe umati ni mkubwa kuliko arusi yoyote. Hakuna binti, hakuna zawadi, hakuna MC. Anasema yupo dalali tu, anayetaja bei kwa kipaza sauti tangu asubuhi hadi jioni. Nimemwambia dalali asiwe na wasiwasi. Hatutamsumbua.