Sultani wa Ndia Kuu na Salamu Zake

Kama hujui kwamba Mji wa Kale una sultani wake hadi leo, basi hujawahi kununua kufuli dukani kwa Zoher! Utaingia unataka kufuli la mlango, utatoka baada ya saa nzima, kufuli huna, lakini vita vyote vya Sultani wa Ndia Kuu unavijua kimoja kimoja.

Sultani mwenyewe ni Zoher, mwenye duka hilo la mtaa wa Ndia Kuu. Ufalme wake umo ndani ya simu, kwenye gemu moja ya mtandaoni ambamo watu huvaa deraya, yale mavazi ya chuma ya vitani, hukata mazimwi vichwa na kutukanana kwa heshima. Humo Zoher ana upanga mrefu kuliko yeye, kilemba cha dhahabu, na jeshi la watu watatu: Oloo wa reli, Kyalo wa bandarini, na Mwende, karani wa ofisi ya mizigo, ambaye kwenye gemu ndiye tabibu wao.

Jeshi hilo lina sheria moja, na imetungwa na Zoher. Hakuna vita bila salamu! Kabla ya kupigana, kila mmoja humwendea nahodha, yaani Zoher mwenyewe, humpa mkono, wakaulizana hali, kazi na watu wa nyumbani. Wenzao wakiwa wameshaanza kuchinjana, wao ndiyo kwanza wamefika kwa wajomba.

"Sisi ni watu wa Mombasa," Zoher husema. "Hatuvamiani kama kunguru wa Marikiti."

Jumamosi ile, saa kumi alasiri, walikuwa na mechi na timu ya Kizingo. Nahodha wa Kizingo ni Hussaina, binti wa ami yake Zoher, na ndiyo maana bwana huyu akapandwa na mori. Alitangaza mbele ya wateja na wapita njia: "Tukishindwa, unahodha nampa Mwende, wallahi!"

Mwende alikuwa akiutaka unahodha huo tangu mwaka jana, kwa sababu yeye husoma. Zoher hasomi. Maelezo ya vifaa kwenye gemu huyasoma kama anavyosoma barua za kaunti: mstari wa kwanza tu. Tangu apate deraya yake mpya, wenzake walikuwa wakianza kila vita wakiwa wamepungukiwa na uhai kidogo. Yeye akalaumu mtandao.

Saa tisa u nusu akapata pete. Aliinunua kwa dawa zote za timu, hata ile moja ya Kyalo ya kujiwekea.

"Sikilizeni!" akapaza sauti. Wote wanne walikuwa dukani, wamekalia makopo ya rangi, sahani ya viazi karai katikati. "Deraya yangu yamchoma kila anigusaye. Pete hii yaizidishia ukali mara ishirini. Mara ishirini! Kizingo wakinigusa, wamekwisha!"

"Anayechomwa ni adui peke yake, ama ni mtu yeyote?" Mwende akauliza. "Umesoma mpaka chini?"

"Dada Mwende, silaha yasomwa au yatumiwa? Kula viazi, dada yangu."

Saa kumi ikagonga. Kizingo wakajipanga ng'ambo ya uwanja. Oloo akasogea wa kwanza, akatoa mkono.

"Hujambo, nahodha?"

"Sijambo, Bwana Oloo. Wa nyumbani..."

Oloo akaanguka chali!

"Oloo! Simu yako imezima?"

"Simu ni nzima," akasema Oloo, kiazi mdomoni. "Ni mimi nimekufa."

"Kizingo wametutegea! Kyalo, njoo upesi tusalimiane tuanze!"

Kyalo ni mtu mtiifu. Akaja, akatoa mkono, akafa kabla hajaulizwa habari za kazi.

Mwende akaanza kurudi kinyumenyume. "Zoher, usinisogelee!"

"Njoo tusalimiane!"

"Salamu nimezipokea kwa mbali!"

"Kwa mbali ni kiburi! Lete mkono!"

Basi Kizingo wakaona ajabu. Sultani mzima, kilemba kinapepea, anamkimbiza tabibu wake mwenyewe uwanja mzima, mkono mbele kama kondakta anayedai nauli! Wakaketi chini watazame vizuri.

"Kaka Zoher," sauti ya Hussaina ikatoka simuni, "tuwangoje, au twende tukanywe chai turudi?"

Zoher alimbana Mwende kwenye kona ya ukuta, akaushika mkono wake. "Hujam..." Mwende chali.

Akabaki peke yake. Akauinua upanga. "Haya, njooni! Niguseni!"

Hakuna aliyemgusa. Wakatoa pinde, wakasimama mbali kabisa, wakamlenga bila haraka. Kiazi alichokuwa akitafuna Oloo hakijamezwa, Sultani akawa sakafuni.

Matokeo yakajitokeza kwenye simu zote. Oloo: ameuawa na Sultani wa Ndia Kuu. Kyalo: ameuawa na Sultani wa Ndia Kuu. Mwende: ameuawa na Sultani wa Ndia Kuu. Na chini kabisa, kwa herufi za dhahabu: Muuaji Bora wa Mechi, Sultani wa Ndia Kuu!

Duka zima likaangua kicheko. Mteja mmoja aliyekuja kununua misumari alilazimika kushika kaunta. Zoher aibu ilimpanda mpaka masikioni, na kusema kweli iliniuma hata mimi ninayesimulia, maana unahodha ule aliupenda kuliko duka. Lakini kiapo ni kiapo.

"Haya," akasema kwa sauti ndogo. "Dada Mwende, timu ni yako. Toa amri."

Mwende hakuhitaji kufikiri. Aliandika pale pale ujumbe kwa Hussaina: kuanzia leo Zoher ni mchezaji wa Kizingo, anakuja na deraya yake na pete yake, bure kabisa, akawasalimie na nyinyi.

Jibu likaja kabla Zoher hajafunga mdomo.

"Ahsanteni. Salamu zimefika. Mwenyewe bakini naye!"