Likizo Yangu, Swichibodi Yangu

Jumatatu, 1 Machi 1976

Leo Ndugu Yotham, mkuu wetu wa kituo cha simu, aliniita ofisini kwake. Akafunga mlango. Akakohoa. Akatazama dari, akatazama tumbo langu, akarudi haraka darini. Kisha akasema anataka kujua nitachukua likizo ya uzazi ya muda gani, apange kazi mapema.

Nikamwambia wiki mbili.

Akacheka. Alidhani namtania! Akanieleza kwamba sheria mpya inampa kila mwanamke mfanyakazi karibu miezi mitatu, mshahara juu. Kwamba akina mama nchi nzima wameshangilia. Nikamjibu kwamba mimi sikushangilia. Haki ni kama pilau ya harusi: unakaribishwa, hulazimishwi kumaliza sinia.

Nikauliza nani atakaa kwenye swichibodi yangu, ubao wa kuunganishia simu. Akasema Bernadetha.

Bernadetha! Muuza stempu! Msichana wa Kawajense aliyeajiriwa juzi tu, sauti laini kama uji wa mgonjwa. Mimi Mpanda nzima inapita masikioni mwangu. Nani anauza ng'ombe, nani kakataliwa posa, nani kamdanganya mkewe kwamba treni imechelewa. Wateja hawasemi "nipe posta". Wanasema "nipe Josefina". Nimwachie Bernadetha miezi mitatu? Kiti kile nitakiona tena siku ya kiyama.

Wiki mbili. Nimesema.

Jumatano, 3 Machi

Nimemweleza Damiano. Mume wangu ni fundi wa reli, mtu wa maneno machache. Aliweka tonge chini. Akasema miaka tisa tumemngoja mtoto huyu, tumepiga magoti mpaka suruali zake zikatoboka, leo Mungu katukumbuka na mimi nawaza nyaya.

Nikamwambia bibi yangu kule Usevya alikuwa akijifungua, anamfunga mtoto mgongoni, anarudi kupalilia mpunga. Damiano akasema bibi huyo huyo alizaa kumi na mmoja, akazika sita.

Nikakusanya vyombo. Nilikuwa na mengi ya kupanga.

Mpango: likizo haiwezi kuanza kama tumbo halijafika wakati wake. Kesho kutwa nitamwambia Yotham kwamba nilikosea hesabu. Mtoto ni wa Mei.

Ijumaa, 5 Machi

Nimevaa sweta la kazi la Damiano, linanifika magotini. Nikamwambia Yotham habari ya Mei. Akakubali mara moja. Mwanaume yule angekubali hata ningesema mtoto ni wa Krismasi, ilimradi tusiendelee kuongea habari za tumbo.

Bernadetha akauliza, kwa ile sauti yake, mbona tumbo la dada limeshuka hivyo kama ni la Mei. Nikamwambia ni maharage ya Ilembo, yana hewa.

Ushindi ulidumu mpaka saa nane mchana. Akaingia Sista Eufrazia, mkunga wa zahanati, anataka kupiga simu Tabora. Akaniona. Mbele ya foleni nzima ya wateja akatangaza kwamba ananingoja nijifungue kabla mwezi huu haujaisha, tena nisisahau beseni na khanga mbili. Foleni ikanipongeza. Mzee mmoja akapiga makofi.

Yotham alitoka ofisini, akasema kuanzia Jumatatu nimfundishe Bernadetha swichibodi.

Jumatatu, 8 Machi

Anashika haraka. Inachukiza.

Nilimweleza upesi upesi, nikiruka mambo muhimu, naye akauliza mambo yote niliyoruka. Kila mteja ana tundu lake kwenye ubao, jina limeandikwa chini. Simu ikija, unachomeka waya kwenye tundu la anayetakiwa, unazungusha kengele. Kufika saa sita alikuwa anaunganisha watu kama anasuka nywele. Mteja mmoja akamsifu. Mteja WANGU.

Basi. Kama hakosei mwenyewe, asaidiwe. Jioni walipoondoka, nilichukua bisibisi nikaingia nyuma ya ubao, tumbo likinitangulia. Nikabadilisha nyaya mbili. Sasa ukichomeka "Parokia", unampata Gaspar mwenye kilabu cha pombe. Ukichomeka "Gaspar", unampata Padre. Kesho tuone hizo sifa.

Jumanne, 9 Machi

Bernadetha ameamka na homa. Hakuja kazini.

Nikakaa mimi. Na mkono una mazoea yake, hauulizi kichwa. Saa nne simu kutoka Tabora: mama mkuu wa masista anamtaka Padre. Nikachomeka Parokia. Nikazungusha. Ndipo nikakumbuka. Nikachelewa!

Akapokea Gaspar, sauti imeshakolea pombe. Akamwambia mama mkuu karibu sana, leo kuna mbuzi wa kuchoma na kibuyu kipya kimefunguliwa. Mama mkuu akauliza kwa upole kama anaongea na parokia. Gaspar akamjibu ndiyo, parokia yenyewe hii, hata wasiosali hapa hutoka wakitambaa kwa magoti.

Yotham alikwenda mwenyewe kwa Padre kuomba radhi. Aliporudi nikamwambia ni panya, wamechezea nyaya. Mchana nikazirudisha mahali pake, nyuma ya ubao, nikihema kama garimoshi linalopanda mlima.

Kesho ofisi inaletewa paka.

Jumamosi, 20 Machi

Naandika nikiwa zahanati. Ni mtoto wa kike. Nieleze kwa utaratibu, maana mjini wameshaanza kusimulia vibaya.

Jana, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, somo wangu, niliingia kazini kama kawaida. Uchungu ulianza asubuhi. Nikauita kiungulia. Ulipozidi, nikauita maharage. Bernadetha akasema dada, unang'ata waya. Nikamwambia nausafisha. Saa tano maji yakamwagika chini ya kiti. Nikasema ni chai.

Yotham akatazama chini. Akasema Ndugu Josefina, leo hatujachemsha chai.

Nilikataa kunyanyuka. Nilikuwa nimeshika simu ya mnunuzi wa tumbaku, haikuwa heshima kumkatia. Basi wakaninyanyua pamoja na kiti. Wanaume wanne, Yotham akiwa mmojawapo, macho amefumba. Tukapita katikati ya mtaa wa Shanwe, mvua inanyunya, mimi juu kama mtemi, vidude vya kusikilizia bado viko masikioni na waya unaburuta matopeni. Watu wakatoka madukani. Niliwapungia mkono. Ningefanyaje?

Sista Eufrazia akasema nisukume. Wananisingizia kwamba nilimjibu "subiri, laini ina mtu". Sikumbuki.

Nakumbuka kulikuwa na kimya kirefu baada ya hapo. Mtoto hakulia. Sista alimgeuza, akampiga mgongoni, akampuliza. Katika kazi yangu najua kimya cha kila aina, lakini kile sikuwahi kukisikia. Nikamwahidi Mungu vitu vingi sana.

Halafu akalia. Jamani, sauti! Kigoma wangemsikia bila waya.

Tumemwita Matilda. Damiano alimpakata akiwa na grisi mikononi, akalia wazi wazi, wala hakujificha.

Hayo niliyomwahidi Mungu siyakumbuki vizuri. Nilikuwa na maumivu.

Jumatatu, 29 Machi

Mama amefika kutoka Usevya na kuku wawili, mchele na amri. Ndiye mama yangu huyo, Bibi Katarina! Nioge maji ya moto. Ninywe uji wa ulezi. Nisitoke nje. Nilipotaja habari ya kurudi kazini, alikunywa maji, akasema, "Mwanangu, hao wa simu walikuzaa wao?"

Jioni nikatafuta viatu vyangu. Havipo. Mama anasema labda paka kavichukua. Nyumbani kwetu hakuna paka.

Jumatano, 31 Machi

Mama alikwenda sokoni. Nikatoka. Pekupeku, Matilda kifuani, khanga imenifunika kichwa, nikazunguka kwa njia ya nyuma. Mwanamke wa Kipimbwe wa Usevya hafungwi kwa viatu!

Bernadetha aliponiona alinyanyuka kitini. Hata akakifuta vumbi. Nikajua ana njama.

Yotham alikuwa amekwenda stesheni. Nikamlaza Matilda kwenye kapu la vifurushi, juu ya magunia ya barua, nikavaa vidude vyangu. Raha! Nusu saa nzima nilikuwa Josefina mwenyewe. Kisha Matilda akaanza. Mteja wa Tabora akauliza kama tumeingiliwa na mbuzi. Nikamnyonyesha kwa mkono mmoja, nikachomeka kwa mwingine. Akalala. Mvua ikapiga bati polepole. Nikafumba macho, kidogo tu.

Nilipofumbua, Matilda alikuwa mgongoni kwa Bernadetha, na vidude vyangu viko masikioni mwake. Alikuwa anapiga kelele, yeye mwenye sauti ya uji. Anamwomba mwenzetu wa simu wa Kigoma atoke nje, amwangalie yule mtu wa kofia ya kijani aliyepiga sasa hivi, amrudishe kabla hajaondoka.

Mbele ya dirisha kasimama mwanamke mmoja, matope mpaka magotini. Vénérande, wa kule Katumba, kwa wakimbizi wa Burundi. Walipokimbia vita alipotezana na kaka yake. Miaka minne hakujua kama yu hai. Padre ndiye aliyemtafuta kaka huyo mpaka Kigoma, wakapanga kaka apige simu leo, saa ile. Na simu ilikuja. Iliita. Aliyetakiwa kuipokea alikuwa amelalia ubao, mdomo wazi.

Nilivuta khanga usoni, nikabaki kitini. Sikuthubutu kumtazama.

Kigoma wakampata kaka mlangoni. Bernadetha akampa Vénérande simu. Mgeni akaibana sikioni. Alisikiliza tu, kiganja kimeziba mdomo, halafu akataja jina la kaka yake, mara moja, mara ya pili, kama mtu anayeonja chakula asichokiamini.

Alipomaliza akanijia mimi, maana ndimi niliyekaa kwenye kiti. Akanishika mikono miwili, akanishukuru. Nikazipokea shukrani. Kisha akamtazama Matilda, akaitazama miguu yangu mitupu, akasema taratibu, "Mama, nenda lala. Mtoto iko mdogo sana."

Yotham alinikuta pale pale. Safari hii hakutazama dari. Akasema likizo yangu ni nzima, kama sheria inavyosema, na mpaka Juni akiniona upande huu wa dirisha atamwita Mama yangu. Nikamwambia sheria ni haki, si pingu. Akanifungulia mlango.

Njiani nililia kidogo. Maziwa yalikuwa yamejaa.

Ijumaa, 2 Aprili

Nimelala usiku na mchana. Mama ananikanda. Shingo ya Matilda inanukia maziwa na moshi, na akinyonya ananishika kidole kama anayeogopa nitakatika. Mtu angeweza kuzoea.

Hayo nayaandika hapa tu. Damiano asijue.

Jumapili, 4 Aprili

Bernadetha amekuja kutuona baada ya misa, ameleta kipande cha sabuni. Akambeba Matilda. Akazungukazunguka. Mwishowe akasema naye ni mjamzito, mumewe anafurahi, lakini yeye hana raha. Anaogopa watamweka mtu mwingine kwenye dirisha lake la stempu. Amefikiri achukue wiki mbili tu, kama mimi dada yake nilivyotaka.

Wiki mbili!

Nilimkalisha chini. Nikamuuliza ni mwanamke gani asiyejua thamani ya kulea. Nikamweleza habari ya uji, maji ya moto na usingizi. Nikamwambia sheria ile akina mama waliishangilia nchi nzima, yeye ni nani wa kuikataa? Achukue miezi yake yote. Aunganishe na likizo ya mwaka. Akitaka ajipumzishe hata mpaka mtoto aanze kutambaa. Mama alikuwa anapepeta mchele, akaacha, akanikodolea macho.

Bernadetha akafuta machozi, akanishukuru, akauliza nani atamshikia dirisha. Nikamwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo. Stempu na swichibodi, vyote nitashika mimi.

Kesho Mama anakwenda misa ya asubuhi. Dirisha la nyuma la ofisi halina komeo, na tumbo langu sasa limepungua. Napita.