Kunguru wa Kamati ya Usafi

Jumatatu, 4 Machi 1974. Pito.
Jumapili kijiji kinachagua mwenyekiti wa kamati ya usafi. Nimeamua nitakuwa mimi. Karani niliyetoka Mbeya na kalamu mbili mfukoni siwezi kushindwa na Marselino, balozi wa nyumba kumi, ambaye sera yake ni jembe. Anataka takataka zifukiwe kwenye matuta, kama Wafipa wa hapa wanavyofukia majani shambani. Mambo ya kizamani. Mimi nimemwagiza shemeji Tuntufye, dereva wa lori, aniletee kunguru wa Dar es Salaam, wale wenye shingo ya kijivu. Wanasafisha mji mzima bila mshahara.

Jumatano, 6 Machi.
Wamefika wanne, ndani ya tenga. Nimewaachia jalalani, nyuma ya kilabu cha pombe. Kufika saa kumi, jalala limebaki udongo mtupu. Watu wamenipa mkono. Marselino ameuliza wakimaliza taka watakula nini. Wivu tu.

Alhamisi, 7 Machi.
Wamemaliza taka. Wamewafukuza kunguru wetu wenye kifua cheupe, na njiwa wote. Kisha wamehamia kwenye vifaranga vya mradi wa kijiji. Asubuhi ishirini na viwili, jioni tisa. Dada Dominika, anayevitunza, hakunigombeza. Alisema tu kwamba wiki tatu amevilea jikoni kwake, karibu na moto. Nimeona aibu sana. Ugali nimekula nusu.

Jumamosi, 9 Machi.
Nimetengeneza manati. Nimevunja dirisha la ofisi yangu. Kunguru wananitazama kutoka kwenye mkaratusi, wanajenga viota. Vifaranga vimebaki vitatu, chini ya kitanda cha Dominika.

Jumapili, 10 Machi.
Uchaguzi baada ya misa. Nimepata kura moja. Nilinyoosha na mkono wa pili, ukakataliwa. Marselino mwenyekiti. Amri yake ya kwanza: kunguru watoke kabla ya Pasaka, la sivyo nirudi Mbeya. Amri ya pili: nishike jembe nifukie taka. Jembe kaniazima Dominika.

Jumatatu, 11 Machi.
Nikiwa matutani, wazo limekuja. Tumbili hupanda miti na kula mayai ya ndege. Nimemwandikia Adolfu, mvuvi wa Wampembe, anitumie tumbili wawili, dume na jike. Wala chakula chao hakitanisumbua: ule mkaratusi upo katikati kabisa ya shamba la mahindi la kijiji, na mahindi ndiyo kwanza yanaanza kukomaa.