Babu Yangu Hakufungua Lango la Ngome

Kwa Afisa wa Mambo ya Kale,
Ofisi ya Utalii na Mambo ya Kale,
Ukanda wa Maziwa.

Ndugu Afisa,

Pole na majukumu. Nimefika ofisini kwako mara mbili. Mara ya kwanza katibu wako aliniambia umekwenda kwenye semina. Mara ya pili aliniambia semina imekwenda vizuri. Nikaona niandike.

YAH: KUONDOLEWA KWA MAREHEMU BABU YANGU KWENYE HISTORIA YA NGOME

Nina binti mmoja. Posa yake ilishapokelewa na kukubaliwa, na sasa imesimama kwa sababu ya pancha ya baiskeli. Naomba unisome hadi mwisho kabla hujaipeleka barua hii kwa idara nyingine.

Ofisi yako ilichapisha ramani ya mzunguko wa baiskeli kwa watalii wanaotaka kuona maziwa na majengo ya kale. Ni ramani nzuri na karatasi yake ni nzito. Safari inaanzia kwenye forodha ya zamani kando ya ziwa kubwa, inapita kwenye kinu kilichoacha kusaga, inashuka bondeni hadi ziwa dogo, kisha inapanda mlima na kuishia kwenye ngome. Hapo ramani imeandika: “Pumzika. Furahia historia.” Malalamiko yangu yanaanzia kwenye sentensi hiyo ya pili.

Chini ya lango la ngome anakaa fundi wa baiskeli anayeitwa Kiraka. Amemwoa dada yangu, kwa hiyo ni shemeji yangu, na nyumbani hatuna ugomvi naye. Mimi ni mkaguzi wa mizani sokoni. Kwa kazi hiyo nimezoea kutotamka kitu kabla sijakipima. Haya yafuatayo nimeyapima.

1. Njia mliyoichora kutoka kwenye kinu hadi ngomeni inapita katikati ya vichaka vya miiba. Mtalii anayefika ngomeni bila pancha ni yule aliyeibeba baiskeli begani. Simlaumu Kiraka kwa hili. Miiba hakuipanda yeye, ingawa wakati wa kiangazi nimemwona akiimwagilia.

2. Kiraka hufanya kazi kama fundi mwingine yeyote. Anatoa tyubu, anaizamisha kwenye beseni, anaangalia mapovu yanatokea wapi, anasugua kwa msasa, anapaka gundi. Kisha anangoja. Gundi yake ni ya kopo na inataka muda. Akibandika kabla haijashika, kiraka kitabanduka kabla mteja hajafika kwenye lami, naye atarudi akiisukuma baiskeli na maneno mengi. Lakini mteja aliyesimama juani bila baiskeli naye ana maneno mengi vilevile. Kwa hiyo Kiraka humsimulia historia ya ngome mpaka gundi ikauke.

Historia hiyo hakuisoma popote. Alianza na kibao chenu, ambacho kinasema ngome ilizingirwa kisha ikaanguka, basi. Maneno hayo yanamalizika brashi ikiwa bado ndani ya kopo. Ikabidi aongeze. Msimu wa mvua gundi huchelewa zaidi, na ndiyo maana sehemu kubwa ya historia ya ngome yenu imetungwa msimu wa mvua.

3. Kwa mujibu wa Kiraka, kuta zilikuwa nene na adui hakuwa na mizinga. Adui ni wake, angeweza kumpa mizinga, lakini hakumpa. Matokeo yake alihitajika mtu wa kufungua lango kutoka ndani, usiku, kwa siri. Akamchagua babu yangu. Anamtaja kwa jina lake, kwa jina la baba yake, na kwa ule mguu wake wa kushoto aliokuwa akiuburuta.

Nilimfuata nyumbani kwake, dada yangu akiwepo, nikamuuliza kwa upole: “Shemeji, kwa nini babu yangu? Wa kwako alikuwa na kasoro gani?”

“Wa kwangu ana wajukuu wengi hapa mjini, shem. Wangenipiga.”

“Na mimi je?”

“Aa, wewe ni mtu wa barua.”

Kwa kumbukumbu zako, babu yangu alikuwa mshona viatu. Alizaliwa ngome ikiwa tayari haina paa, na akiwa mdogo alikuwa akifungia mbuzi humo. Kitu pekee alichowahi kufungua maishani mwake ni kibanda chake cha viatu, na hata hicho wateja walikuwa wakimgongea. Nilimweleza Kiraka mambo hayo. Akasema mtu mwenye tairi iliyolala haulizi tarehe.

Dada yangu, ambaye nilitarajia angesimama upande wa damu yake, aliendelea kukunja nguo. “Kaka, hebu mwache,” alisema. “Wewe mara ya mwisho kumtaja babu ilikuwa lini?” Nilimjibu kwamba hilo silo lililokuwa likijadiliwa.

4. Urefu wa historia unategemea ukubwa wa tundu. Hili ndilo linaloniumiza kikazi. Tundu la mwiba mdogo likizibwa upesi, babu yangu anaonekana tu karibu na lango, funguo mkononi, na mtalii anaondoka akimshuku. Tundu la wastani, lango linafunguka. Tyubu ikichanika, babu analipwa na adui mfuko wa chumvi. Pancha ikiwa magurudumu yote mawili, analipwa, anaunyanyua mfuko, analalamika kwamba ni mwepesi, na kusema angejua wangempunja angewafungulia nusu.

Mtalii mwenye matairi mapya yasiyopenya mwiba hupita bila kusikia lolote, na kwa sasa huyo ndiye mtu pekee anayeiheshimu familia yetu. Si haki, Ndugu Afisa, heshima ya ukoo itegemee ubora wa tairi.

5. Sasa nifike kwenye posa. Baba wa kijana ni mwokaji mikate, mtu mstaarabu, hapandishi sauti. Walikuja na mkewe na shangazi wa kijana, na kwa kuwa walikuwa wageni katika eneo letu, wakakodi baiskeli wauzunguke ukanda wanakochukua mke. Niliwapa ramani yenu mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Niliwaambia wasikose ngome.

Shangazi ni mwanamke mwenye mwili mzito na hukumu nzito. Magurudumu yake yote mawili yalipata pancha.

Jioni waliporudi, mezani kila kitu kilikuwa tayari. Shangazi hakukaa. Alisimama karibu na kabati la vyombo, miiba michache bado imemganda kwenye gauni, akaniuliza: “Yule aliyefungua lango ni nani yenu?”

Nikasema, “Ni babu, lakini...”

“Basi, yatosha. Ukoo unaowafungulia watu usiku! Kijana wetu akisafiri, funguo za nyumba atamwachia nani?”

“Dada, kaa basi ule kwanza,” mwokaji alimwambia.

“Sina njaa. Na chumvi yao siitaki.”

Mwokaji alinisindikiza hadi mlangoni mwa nyumba yangu mwenyewe, kwa aibu. “Hatujakataa, mkwe,” alisema. “Tunatafakari.” Wametafakari hadi leo. Binti yangu anafanya kazi kwenye duka la dawa. Anarudi, anakula amesimama jikoni, simu ameilaza kifudifudi. Hajalia mbele yangu. Aliniuliza mara moja tu: “Baba, kwani duniani hakuna gundi nyingine?” Nikatoka nje kuangalia kama geti limefungwa.

6. Usidhani nilikaa tu nikingoja serikali. Nilikwenda ngomeni nikamwomba Kiraka tugawane kazi: yeye azibe, mimi nisimulie. Alikubali bila kinyongo, akanisogezea kigoda. Wakaja watalii wawili, kijana na mchumba wake, tairi ya nyuma imelala. Kiraka akasugua, akapaka gundi, akanipa ishara kwa kidevu.

Nikawaambia: “Ngome hii ilizingirwa, kisha ikaanguka. Babu yangu hakuwepo.”

Nikawa nimemaliza.

“Babu yako ndiyo nani?” mchumba akauliza.

“Mshona viatu.”

“Sasa alihusika vipi?”

“Hakuhusika.”

Msichana akamgeukia mwenzake. “Tumepanda mlima wote ule kuja kusikia habari za mtu ambaye hakuwepo?”

Kijana akataka baiskeli yake palepale. Kiraka akabandika gundi ikiwa mbichi, na kabla chai yetu haijapoa walirudi wakiisukuma. “Ukweli wako ni mzuri, shem,” Kiraka aliniambia akiutafuta tena msasa, “ila haufiki hata kwenye pampu.”

Kwa sababu hizo zote, naiomba ofisi yako ichukue hatua. La kwanza ni dogo: Kiraka apewe, kwa gharama ya ofisi, gundi inayokauka mara moja, ili asipate nafasi ya kufika hata kwenye kuzingirwa. Kama fungu halipo, basi watalii waamriwe kushuka kwenye kinu na kutembea kwa miguu, baiskeli zipelekwe kwa mtumbwi.

Kama hilo nalo ni gumu, naomba lango lizibwe kwa matofali, juu hadi chini. Mtalii akilikuta halina mlango ataona mwenyewe kwamba hakuna mtu anayeweza kulifungua, wala asiyeweza. Nimeongea na mwashi, anasema ni kazi ya siku chache. Najua litakuwa lango la kale pekee katika ukanda huu lisilopitika, lakini hilo nalo ni kivutio.

Ikishindikana, adui aondolewe. Adui huyu hana jina, hana bendera, wala hakuna anayejua alitokea upande gani wa ziwa. Sioni ni nani atakayekuja ofisini kwako kumtetea. Bila adui hakuna wa kufunguliwa, na babu yangu atabaki pale langoni usiku na funguo zake kama mtu anayepunga upepo tu.

Na kama yote hayo yanazidi mamlaka yako, nakuomba utoe tamko rasmi kwamba ngome haijawahi kuanguka. Ninafahamu kwamba haina paa wala ukuta wa mashariki. Hayo yanaweza kuelezwa kuwa ni mvua.

Narudia kwamba sitafuti fidia wala sifa. Ninachotaka ni kitu kimoja: kwamba kisichotokea kisisimuliwe, na asiyekuwepo asitajwe. Msimamo huo sitauacha hata posa ikivunjika, kwa sababu mzani ukishachezewa mara moja hakuna mnunuzi atakayeuamini tena.

Naomba unifikishie salamu kwa familia yako, kwa katibu wako aliyenirudisha mara mbili kwa adabu ileile, kwa mlinzi anayelala kwa zamu na mwenzake, na kwa wote mliokuwa nao kwenye semina. Dada yangu anakusalimu, ingawa hajui kwamba nimekuandikia. Mke wangu anakusalimu na anajua.

Ni mimi nisiyepunguza wala kuongeza,

Mkaguzi wa Mizani,
Soko Kuu.

Nakala: Chama cha Waendesha Baiskeli, Kiraka (kwa mkono).

N.B. Bahasha ilikuwa bado haijafungwa wageni wa posa walipobisha hodi. Ikabidi niongeze haya.

Inaonekana dada yangu alimweleza mumewe hali ya binti yetu. Shangazi naye, kwa sababu zake mwenyewe, alikuwa amekodi tena baiskeli na kwenda ngomeni peke yake. Alipata pancha. Kiraka anasema ni tundu kubwa kuliko yote aliyowahi kuziba, na gundi siku hiyo ilikataa kabisa kukauka.

Kumbe kulikuwa na sehemu iliyobaki. Ndani ya ngome maji yalikuwa yamekwisha. Watoto walikuwa wakipandishwa ukutani walitazame ziwa, ili angalau waone maji. Babu yangu hakuweza kuvumilia. Alifungua lango usiku ili watoto wakanywe, akauburuta ule mguu wake mbele yao hadi ufukweni, na adui, alipowakuta wameinama wote majini, alivua viatu akainama naye akanywa. Asubuhi hakuna aliyekumbuka walikuwa wanagombania nini. Mfuko wa chumvi ulikuwa zawadi.

Shangazi alilia hadi Kiraka akampa kitambaa cha kufutia mnyororo. Jana alikaa kwenye kiti changu, akala, akaomba aongezewe. Alimshika binti yangu mkono, akasema anataka wajukuu wenye huruma kama hiyo. Harusi itafanyika langoni. Binti yangu alikula amekaa.

Kwa hiyo, Ndugu Afisa, naomba yote niliyoandika hapo juu yasishughulikiwe. Lango lisizibwe, lipakwe rangi. Adui aachwe alipo, watu wamemzoea. Gundi isiguswe. Kibao kipya kiandikwe kama Kiraka anavyosimulia, kwa jina la babu, la baba yake, na mguu uwe wa kushoto.

Kuna jambo moja tu linalohitaji ukali wa ofisi yako. Mwokaji, baada ya kusikia jinsi dada yake alivyolia, amemwendea Kiraka kwa siri akimwomba amwingize babu yake pia, awe ndiye aliyebeba ndoo. Nimemwambia mkwe wangu, kwa heshima zote, kwamba historia si unga wa mikate, mtu aongeze kila akiona haitoshi.