Gari Nililomnyima Mdogo Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Daktari amesema moyo umechoka. Wiki, si miezi. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na miwili, nimeelewa.

Nina dhambi moja ya kutubu. Baba alipokuwa akikata roho alinishika mkono, akasema gari lake nimpe mdogo wangu, kwa kuwa mimi tayari nina kazi. Tulikuwa wawili tu chumbani. Nikatoka nikatangaza kwamba gari nimeachiwa mimi. Miaka thelathini na tisa sasa!

Mdogo wangu anakuja kesho. Nitamwambia.

Jumanne, 4 Machi
Sikumwambia. Amekuja na gari jipya, refu kama ghorofa, lenye ngazi inayojitokeza yenyewe. Akachungulia gari la Baba chini ya turubai: milango minne, buti refu, bampa la chuma. Akaniuliza, eti kaka, kuku wanatagia humu?

Kuku! Sasa nitatubuje? Nani aliyewahi kutubu kuiba banda la kuku? Lazima kwanza akiri kuwa gari ni zuri, ndipo wizi wangu uwe na hadhi.

Jumatano, 5 Machi
Mpango: kuyalinganisha magari kama mtihani. Nimechora jedwali. Umbo: la Baba 19 kati ya 20, lake 6. Mdogo wangu akasema haya, tuyawashe. Lake liliwaka bila sauti. Nikaandika sifuri, gari lisilosema ni la kuogopwa. La Baba likakohoa, nami nikakohoa. Binti yangu akatoka mbio na dawa, akasimama katikati, hajui aanze na nani.

Kisha nikapandishwa kwenye lake. Kiti kikapata joto, kikaanza kunikanda mgongo taratibu. Nimelala kwa saa mbili. Usingizi wa kwanza usio na maumivu tangu mwaka jana. Nilipoamka nililia kidogo, nikigeukia dirishani asinione.

Starehe: 4 kati ya 20.

Ijumaa, 7 Machi
Mungu mkubwa! Gari lake limegoma. Kidude cha kuliwashia kimeisha betri, nalo limejifunga, simu na koti viko ndani. Binti yangu yuko kazini, hakuna wa kunikataza. Nikamwambia mdogo wangu apande la Baba, nimpeleke dukani akanunue betri.

Kwenye kilima karibu na soko injini ikachemka. Ikazima. Mlango wa abiria hufunguliwa kwa nje tu. Hilo sikuwa nimemwambia. Nikashuka nimfungulie, miguu ikanikatalia, nikakaa ukingoni mwa barabara huku yeye akigonga kioo. Muuza machungwa ndiye aliyemfungulia. Mdogo wangu akanirudisha kwenye usukani, akaanza kusukuma na viatu vyake vya kung'aa. Wachuuzi wakamzomea: sukuma baba, ukioa kikongwe ubebe!

Hapo hapo, bila kugeuka, nikamwambia yote.

Akaacha kusukuma. Gari likaanza kurudi nyuma, breki nilizisahau. Akalizuia kwa mgongo. Akasema anajua. Baba alikuwa amemwambia wiki moja kabla. Alinyamaza kwa sababu mimi ni kaka yake, na kaka hashtakiwi. Wala si gari lililomuuma. Ni ile asubuhi ya mvua nilipompita kwenye kituo cha basi, amembeba binti yake mgonjwa, nami nikapiga honi, nikampungia mkono.

Nakumbuka. Nilijiambia nina haraka. Sikuwa na haraka.

Jumapili, 9 Machi
Amenisamehe! Ameomba kitu kimoja tu: gari apewe yule mtoto wa kituoni. Sasa ni mama mzima, fundi makanika mwenye gereji yake. Atalifufua. Anakuja kesho asubuhi. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Tukakumbatiana, mifupa yangu na kitambi chake. Binti yangu akalia. Naweza kufa sasa.

Jioni nimeketi kidogo nyuma ya usukani, kuaga. Nikawaza: huyu atalipaka rangi. Nyekundu, bila shaka. Watoto wa siku hizi hawana adabu na vitu vya marehemu.

Funguo nimezitia ndani ya foronya yangu. Wakiuliza, mgonjwa hakumbuki.