Usaili wa Kunyamaza Mbele ya Simba

Kwa furaha kubwa, na kwa idhini niliyojipa mwenyewe, natangaza kwamba Idara ya Maandalizi ya Matembezi ya Familia Mbugani imetimiza miaka mitatu bila mtoto hata mmoja kuliwa na simba. Ni kweli kwamba katika miaka hiyo hakuna mtoto hata mmoja aliyemwona simba, lakini hilo hutajwa na wenye husuda tu. Mimi ndiye mkurugenzi wa idara. Takwimu zote mbili ni zangu na ninajivunia zote.

Watu wamesahau tulikotoka. Zamani mtu aliamka Jumamosi, akapakia watoto kwenye gari na maji na mkate, akaenda zake mbugani. Basi. Walimwona tembo, wakacheka, wakarudi nyumbani. Hakuna aliyejua kicheko kile kimeidhinishwa na nani. Hali hiyo ilininyima usingizi, nikaandika kanuni.

Siku hizi mambo yamenyooka. Familia inajaza fomu nakala nne na kuorodhesha wanyama inaokusudia kuwaona, pamoja na saa ya kukutana na kila mmoja. Akijitokeza mnyama ambaye hayumo kwenye orodha, familia itazame pembeni. Halafu unakuja usaili wa kunyamaza. Mwombaji anaketi chumba namba tisa kwa dakika ishirini, mbele ya picha ya simba tuliyoikata kwenye kalenda ya zamani, na hatoi sauti. Simba hapendi kelele. Sijawahi kumuuliza, lakini nina hakika.

Tatizo lilianzia nyumbani kwangu. Binti yangu kitindamimba ana miaka minane na tunamwita Wakili, kwa sababu hajawahi kukubali jibu la kwanza. Tangu ana miaka mitano nimemwahidi kumpeleka kumwona twiga, na kila likizo nimemwambia likizo ijayo. Darasani wenzake wameanza kumcheka, wanasema baba yake ni bosi wa wanyama wa kwenye makaratasi. Zilikuwa zimebaki siku tisa shule ifunguliwe. Jioni ile alisimama mbele ya kiti changu, hakulia wala hakununa.

"Baba, safari hii usiniambie neno. Niambie tarehe."

Mke wangu alikuwa anakunja nguo, na nikaona mikono yake imesimama. Nikajibu kama kiongozi. Nikasema familia yangu itapita dirishani kama raia wengine, bila upendeleo, na mimi mwenyewe nitakuwa mwombaji. Nilidhani watapiga makofi. Mke wangu akaendelea kukunja nguo.

Asubuhi walipanga foleni dirisha la pili la idara: mke wangu, kijana wangu mkubwa, Wakili, na mama mkwe wangu, ambaye alisema amekuja kuangalia tu. Karani wa dirisha hilo ni mama mtulivu. Kwa miaka mitatu amekaa na mihuri miwili mezani, na ule wa "Imekubaliwa" ulikuwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki.

Fomu haikuwasumbua kama nilivyotarajia. Kwenye saa ya kukutana na twiga, Wakili aliandika: "Akifika." Karani akamweleza kwamba kanuni zinataka saa kamili. Wakili akauliza kama twiga naye amepewa nakala ya kanuni. Karani akakohoa kidogo, akaipokea fomu. Nilimwandikia barua ya onyo kichwani, nikaihifadhi.

Kwenye usaili, kijana wangu mkubwa alinyamaza dakika ishirini bila shida, kwani ana miaka kumi na minne na nyumbani hajasema sentensi nzima tangu mwaka jana. Mke wangu alinyamaza akitabasamu; baadaye alisema hajapata kupumzika vile tangu ajifungue. Wakili aliuma midomo mpaka ikapauka, lakini hakutoa sauti. Mama mkwe, ambaye hakuwa mwombaji, aliomba na yeye ajaribu, maadamu ameshafika. Alimkodolea simba macho muda wote. Karani anaapa kwamba aliyetazama chini ni simba.

Ikabaki zamu yangu. Ni mimi niliyekuwa nimejiandika kiongozi wa msafara, na bila kiongozi aliyefaulu usaili familia haitoki. Wakili alinishika mkono mlangoni, akaninong'oneza kwamba ni dakika ishirini tu, nihesabu vigae vya sakafuni kama alivyofanya yeye.

Niliketi. Dakika ya kwanza nikaona picha imening'inia upande, nikavumilia. Dakika ya pili nikahesabu vigae kumi na viwili. Dakika ya tatu likanijia wazo zito: leo, kwa mara ya kwanza, mkurugenzi ameketi chini ya kanuni zake mwenyewe. Hili ni jambo la kihistoria, na ndani ya chumba hakuna hata mmoja anayelisema. Nikajizuia. Jasho likanitoka. Dakika ya nne nikasimama, nikafunga kifungo cha koti.

"Ningependa kuchukua fursa hii," nikasema.

Karani akaweka alama ya kosa kwenye karatasi yake. Nikamweleza kwa upole kwamba yale hayakuwa mazungumzo, yalikuwa maneno ya ufunguzi. Mlango ukafunguka, Wakili akaingia na kitabu cha kanuni. Alikuwa anakisoma kwenye benchi ili muda upite.

"Kanuni ya kumi na moja," akasoma. "Hotuba, salamu, nasaha na shukrani zote zitahesabiwa kuwa kelele."

Kanuni hiyo niliiandika mimi, baada ya mwalimu mmoja kujitetea kwamba alikuwa anatoa nasaha. Nikaomba kurudia usaili. Karani akanikumbusha kwamba anayeshindwa husubiri siku tisini. Nikamkumbusha mimi ni nani. Akasema anajua, bosi, lakini mwombaji hajipigii muhuri. Hiyo ni ya kumi na mbili.

Wakili aliketi sakafuni, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. Sikuwa na kanuni ya kunisaidia. Niliona aibu, nasema bila kuficha.

Mama mkwe akavua miwani, akaifuta kwa kanga yake taratibu, akamuuliza karani kama kiongozi wa msafara lazima awe mwanamume. Haikuandikwa. Lazima awe na cheo? Haikuandikwa. Karani akafuta jina langu penye kiongozi, akaandika la mama mkwe, akachana ule mfuko wa plastiki. Wino wa muhuri ulikuwa umekauka, akaudondoshea maji ya kunywa, akagonga mara nne: mara moja kwenye kila nakala. Vishindo vilisikika mpaka ghorofa ya juu, na watu wakatoka ofisini kuuliza kumetokea nini.

"Pole, mkwe wangu," mama mkwe aliniambia tukishuka ngazi. "Ingawa mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

Jumamosi alfajiri walipanda gari. Mke wangu akashika usukani, mama mkwe akakaa mahali pangu. Niliwapungia mkono getini nikiwa na kitabu cha kanuni kwapani, nikarudi ndani kuandika taarifa ya mafanikio ya idara. Nyumba ilikuwa kimya siku mbili nzima. Nilitoa hotuba fupi jikoni, haikusaidia.

Walirudi Jumapili wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope, na wanacheka. Hata kijana mkubwa alikuwa anasema sentensi nzima, tena mbili kwa mpigo. Nikamkimbilia Wakili, nikamuuliza twiga alikuwaje, alikuja saa ngapi, walikuwa wangapi.

Akafungua begi, akatoa karatasi ya daftari iliyopigwa mistari kwa rula. Juu iliandikwa kwa herufi kubwa: "Maombi ya Kusimuliwa Twiga. Nakala nne."

Nilijaza. Jina la mwombaji, uhusiano na msimulizi, sababu za kutaka kusimuliwa. Sehemu ya mwisho ilitaka nikae mbele yake dakika ishirini bila kusema neno. Nikakaa chini kwenye zulia. Nilihesabu maua ya zulia na nikang'ata ulimi, na saa ya ukutani ilipotimiza dakika ishirini nilikuwa sijasema hata "hm".

Wakili akazipitia nakala moja moja, kidole kikifuata mstari. Kisha akanirudishia.

"Baba, hujaweka saa ya kukutana. Njoo kesho."

Kesho yake sikwenda kazini. Nilifika kwenye mlango wa chumba chake saa moja asubuhi, fomu mkononi. Mbele yangu walikuwapo watoto sita wa darasa lake, kila mmoja na fomu yake, na nyuma yangu akaja kusimama karani wa dirisha la pili.