Chumba Kikuu Kiko Chini

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kazi imenipata. Dada yangu mkubwa Helen alianguka kwenye ngazi za ghorofa yetu hapa Kawempe mwezi uliopita, nyonga ikavunjika. Jumamosi anatoka hospitali, lakini daktari amesema ngazi ni mwiko. Binti yake Ajok, huyu polisi, amenipa amri kama mimi ndiye kuruta: mjomba, tafuta nyumba yenye chumba kikuu chini. Mama alale chini, mimi na wanangu juu. Jumamosi ikifika bila nyumba, mama anaenda Lubaga kwa Ocira.

Ocira! Mdogo wa marehemu shemeji yangu. Nyumba yake haina ghorofa na yeye hana haya. Amesema nafasi ya mgonjwa ipo, ya afande wa stoo haipo. Afande wa stoo! Eti jeshini nilihesabu sare tu. Mimi niliyemfunga chatu kwa mkanda wa suruali kule Juba! Miaka kumi na moja naishi kwa Helen. Na Helen mwenyewe amelia kitandani, hataki kuzeekea kwenye nyumba ya mtu.

Nimepekua matangazo ya nyumba kwenye simu mpaka kidole gumba kimevimba. Moja nimeenda kuiona. Hicho chumba kikuu cha chini kumbe ni gereji. Wametundika pazia, harufu ya oili iko palepale.

Saa nane mchana ikaingia nyingine. Kyebando. Chumba kikuu chini. Picha moja tu: chumba cheupe, katikati jukwaa la vigae vinavyong'aa, kimo cha goti, na maua upande wa kichwa. Hoteli kabisa! Nimewapiga bao wote.

Jumanne, 4 Machi

Nimeiona. Dalali anaitwa Abdul-Latif, amefunga, midomo imemkauka. Alifungua geti, akanipa funguo, akabaki nje. Eti saumu imemchosha.

Nje jua la kuchoma. Chumba kile, baridi kama friji ya bucha. Abdul-Latif alisema nyumba iko tupu miaka miwili, lakini sakafu ya chumba hicho haina vumbi hata chembe. Maua yapo kwenye kopo. Mabichi. Yana matone ya maji.

Nikapanda jukwaani, nikalala kupima. Urefu sawasawa! Visigino vimeishia pale vigae vinapoishia. Mabega yametosha. Kama fundi alinipima mimi. Upande wa kichwa kuna matundu manne ya skrubu, nadhani ya kufunga taa ya kusomea. Nilipofumba macho nikasikia mtu anasafisha koo. Mwanamke. Karibu sana, chini yangu. Mabomba hayo. Nyumba za kisasa zina mabomba mengi.

Nikatoka nikamwambia Abdul-Latif tunaichukua. Hakufurahi wanavyofurahi madalali. Aliuliza tu kama nimesalimia. Nikamuuliza nimsalimie nani, nyumba tupu? Akafunga geti haraka.

Jumatano, 5 Machi

Mbele ya nyumba ile kuna Mkongo anauza vitenge, Marie-Jeanne. Leo ana msalaba wa majivu kwenye paji la uso. Nikamweleza jirani mpya ni nani, na kitanda changu cha vigae. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka, ghafla, kama redio iliyokatiwa umeme.

"Eh, papa. Ile haiko kitanda. Ile ni kaburi."

Ni mama wa mwenye nyumba. Majirani wote wanamwita Jjajja, ndiyo bibi kwa Kiganda. Alizikwa uani. Mtoto wake alipotaka kuongeza chumba, hakutaka kumhamisha mama. Akajenga kuta kumzunguka, akamwekea vigae, naye akaenda Dubai. Kibao cha jina wamekifungua ili wapige picha ya tangazo. Wapangaji wanaombwa kitu kimoja tu: kila asubuhi wapige magoti wamsalimie. Nikauliza maua anaweka nani. Marie-Jeanne alisema hata yeye angependa kujua.

Nilicheka sana. Mimi niogope kaburi? Kule Torit nililala makaburini wiki nzima, maiti wakalalamika nakoroma! Nikarudi nyumbani, nikaoga. Mgongo nimeusugua mara tatu, joto tu la leo.

Mpango: nakaa kimya. Godoro juu, shuka mpaka chini. Jukwaa ni jukwaa.

Alhamisi, 6 Machi

Ajok yuko zamu wiki nzima, ametia sahihi mkataba kwa kuangalia picha tu. Alisema mjomba, leo umenifaa. Leo!

Nikapeleka godoro la Helen, nikaliweka juu ya jukwaa, nikaenda kuchota maji. Kurudi, godoro liko chini ya dirisha. Nikalirudisha. Nikaenda getini. Kurudi, chini ya dirisha. Limenyooka vizuri, limeegemea ukuta.

Mara ya tatu nikalikalia mwenyewe. Nani atanisukuma? Hakuna aliyenisukuma. Nilisikia tu, chini ya vigae, mtu akijigeuza. Polepole. Kama mtu uliyemvuta shuka. Nikasimama, maana nilikumbuka shughuli nyingine barabarani.

Nimelifikiria. Ni Ocira. Ana rafiki fundi wa vitasa.

Ijumaa, 7 Machi

Helen amepiga simu. Kuna dirisha? Lipo. Jua linaingia asubuhi? Linaingia. Nikasikia anavuta kamasi. Alisema, "Obita, hii usiniharibie." Nikamwambia tangu lini niliharibu kitu? Akakata simu.

Ocira naye akapiga. Chumba chake amekwisha kukifagia, anasema, na gari lina mafuta.

Nikafunga godoro kwa kamba kuzunguka jukwaa. Fundo la jeshi, fundo la kumzuia ng'ombe dume. Nikala muhogo kwa Marie-Jeanne, nikarudi. Godoro chini ya dirisha. Kamba imefunguliwa, imeviringwa vizuri, imewekwa kando ya kopo la maua. Ocira hawezi hata kufunga viatu. Basi amekodi mwanajeshi! Nikalirudisha, nikalifunika shuka kubwa, nikaondoka bila kugeuka nyuma. Utaratibu wa kijeshi.

Jumamosi, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake, ngoma barabarani. Helen ameingia kwa magongo, Ajok nyuma yake. Ocira ameacha gari linanguruma getini, ameshika mfuko wa Helen, hataki hata kuuweka chini.

Helen alitazama dirisha, akatabasamu. Mara ya kwanza tangu aanguke. Halafu akagonga kitanda kwa gongo. Ko. Ko. Akainua shuka.

"Obita. Nani huyu?"

Nikasema ni jukwaa.

"Nimekuuliza nani. Sikukuuliza nini."

Nikaeleza. Ajok akafunika uso kwa kofia ya kazi. Ocira akageuka na mfuko, anapiga mluzi, anaelekea kwenye gari.

Helen akaomba kiti. Akakaa kando ya kichwa cha mama yule, akamsalimia kwa Kiganda. Magoti, alisema, hayawezi leo, nyonga. Akaomba radhi kwa ajili ya ndugu yake, eti alizaliwa mvua ikinyesha, maji yakaingia kichwani. Kisha akamuuliza angependa mgeni alale wapi.

Godoro likashuka. Naapa. Hakuna aliyeligusa. Likateleza sakafuni, shuka na mto juu yake, likatulia chini ya dirisha.

"Shemeji!" Helen aliita. "Rudisha mfuko wangu. Nimeonyeshwa mahali."

Mfuko ulikuwa mlangoni. Ocira hakuwepo. Mimi nilikutwa getini, nikikagua bawaba.

Jumapili, 9 Machi

Helen amelala mpaka saa mbili. Anasema alipoamka alfajiri kwenda msalani mkono ulimshika kiwiko, mkavu, una pete, ukamfikisha na kumrudisha. Alidhani ni Ajok. Ajok alikuwa juu na watoto. Helen anakunywa chai, uso umenawiri. Hahami hapa, anasema, mpaka azikwe.

Ajok amepiga magoti kusalimia. Watoto wote wanne wamesalimia. Wakanitazama. Mimi? Nimpigie magoti mtu ambaye hajajitambulisha? Nyumba hii nani aliigundua? Aanze yeye!

Saa sita mchana godoro langu limekutwa nje ya geti, barabarani. Viatu vyangu juu yake, vimepangwa.

Marie-Jeanne alikuwa sebuleni kumjulia hali Helen. Nikamhoji kijeshi: nani amepita na godoro? Alisema hakuona mtu.

"Godoro tu, papa. Limeshuka ngazi pole pole, limekata kona muzuri, hata ukuta halikugusa."

Unaona? Ocira amejificha nyuma ya godoro! Kesho nabadilisha kitasa.